Watoto Wetu wa Mahitaji Maalumu Ontario: Wanamaliza Sekondari na Karatasi Gani?



Kila mwisho wa Juni hapa Toronto ni msimu wa majoho. Simu zinajaa picha: mtoto kavaa joho na kofia, mama kavaa kitenge kipya, baba ameomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Shangazi wa Tabora anajibu kwa vigelegele, mjomba wa Bukavu anaandika hongera sana kwa herufi kubwa. Ni furaha halali na simwonei mtu gere. Ila katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi kwenye mji huu nimekutana na wazazi wetu zaidi ya mmoja waliopiga makofi siku ile bila kujua mtoto wao amekabidhiwa karatasi gani. Wamekuja kujua miezi kadhaa baadaye, mtoto alipopeleka maombi chuoni na kuambiwa hana sifa.

Hapa Ontario mtoto anaweza kutoka sekondari na moja kati ya karatasi tatu. Ya kwanza ni diploma ya sekondari, ambayo wenyewe wanaiita OSSD. Ili kuipata anahitaji krediti 30, na kila krediti ni saa 110 za masomo. Kwa walioanza darasa la 9 kabla ya Septemba 2024, krediti 18 kati ya hizo ni za lazima na 12 ni za kuchagua. Walioanza kuanzia hapo wana 17 za lazima na 13 za kuchagua. Juu ya hizo kuna saa 40 za kujitolea katika jamii, mtihani wa kusoma na kuandika ambao mtoto huanza kuukabili akiwa darasa la 10, na krediti 2 za kusoma kwa intaneti, ambazo mzazi anaweza kuomba mtoto asizifanye. Karatasi ya pili inaitwa OSSC. Hiyo inadai krediti 14 tu, 7 za lazima na 7 za kuchagua. Ya tatu hupewa mtoto anayeondoka bila kufikia hata hizo 14, na kwa Kiswahili tunaweza kuiita cheti cha mafanikio.

Sasa angalieni tatizo la lugha, maana hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Sisi kwetu diploma ni ya chuo, na karatasi ya heshima ya sekondari ni cheti. Cheti cha kidato cha nne ndicho kinachofungwa kwenye plastiki na kufichwa chini ya godoro. Mwalimu wa hapa akimwambia mama aliyesoma Kigoma au Mombasa kwamba mwanao yuko kwenye njia ya kupata cheti, mama anasikia habari njema. Anaitikia, anashukuru, anasaini. Kumbe kwa mpangilio wa huku cheti kiko chini ya diploma, na chuo cha kawaida au mwajiri anayedai mtu aliyemaliza sekondari anachotaka kukiona ni diploma. Hata mkalimani mzuri anaweza kutafsiri yote mawili kuwa cheti na akawa hajakosea kamusi.

Uamuzi wenyewe unafanyika kimyakimya. Mtoto mwenye mahitaji maalumu huandikiwa mpango wake binafsi wa elimu, unaojulikana kwa herufi tatu, IEP. Fomu ya mkoa kwa watoto wa sekondari ina visanduku vitatu vidogo kuhusu karatasi ambayo mtoto anaifanyia kazi: diploma, OSSC au cheti cha mafanikio. Tiki moja ya kalamu. Nimewahi kukaa mezani na mzazi tukasoma mpango wa mtoto wake kurasa zote, yeye akiwa ameuhifadhi miaka miwili kwenye bahasha pamoja na karatasi za uhamiaji, na hakuwa ameona kwamba tiki imewekwa kwenye kisanduku cha tatu. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyemweleza vilevile.

Ndani ya mpango huo kuna mambo matatu ambayo kila mzazi lazima ayatofautishe. Kuna nafuu: mtoto anasoma somo lile lile na kupimwa kwa kiwango kile kile, ila anaongezewa muda, anakaa chumba tulivu, anatumia kompyuta inayomsomea maandishi. Nafuu haimpunguzii mtoto krediti hata moja. Kisha kuna malengo yaliyorekebishwa, yaani kinachofundishwa chenyewe kimepunguzwa au kubadilishwa. Hapo krediti inakuwa mikononi mwa mkuu wa shule, ndiye anayeamua kama alichofikia mtoto kinatosha kuhesabiwa. Kisha kuna malengo mbadala, kwa mfano kujifunza kupanda basi, kutunza fedha, kujihudumia. Masomo hayo huandikwa kwa namba inayoanza na herufi K, na hayana krediti. Mtoto anaweza kusoma masomo ya K miaka minne, akaleta ripoti zenye maneno matamu kila muhula, na hesabu yake ya krediti ikabaki sifuri. Kwa hiyo ukitaka kujua mtoto wako yuko wapi, acha kwanza yale maneno matamu. Tazama namba za masomo, tazama krediti ngapi zimeandikwa, halafu uliza.

Mtego mwingine ni wa ule mtihani wa kusoma na kuandika. Inafika barua nyumbani kwamba mtoto amesamehewa mtihani. Nani kati yetu asingeshukuru? Sisi tuliotoka kwenye nchi za mitihani ya taifa, neno kusamehewa mtihani ni sawa na mvua ya kiangazi. Lakini kwa utaratibu wa Ontario msamaha huo unawahusu watoto ambao mpango wao unasema hawaifanyii kazi diploma. Mwenye kuitafuta diploma haombi msamaha. Anaomba nafuu wakati wa mtihani, au anaomba kuahirishiwa mpaka awe tayari, na akishindwa ipo kozi maalumu ya kusoma na kuandika inayohesabika badala ya mtihani. Barua ya msamaha ni habari ya karatasi ambayo mtoto hataipata, lakini haikuandikwa hivyo.

Msije mkadhani nalaumu shule peke yake. Upande wa pili wa jambo hili ni sisi wenyewe. Wapo wazazi wanaokataa kabisa mtoto asitambuliwe kuwa ana mahitaji maalumu, kwa sababu neno hilo masikioni mwao ni taahira. Wanaogopa watu wa kanisani, wanaogopa msikitini, wanaogopa mawifi kuuliza ukoo wa mama una nini. Mwingine anapigiwa simu kutoka nyumbani kwamba mtoto amechezewa, atumwe likizo akatazamwe. Matokeo yake mtoto anaingia darasa la 9 bila nafuu yoyote, anafeli hesabu, anafeli Kiingereza, anaanza kutoroka shule, na tunamwita mtundu. Huyu angepewa muda wa ziada na kompyuta ya kumsomea pengine angezipata krediti zake zote 30. Na muda wa ziada si upendeleo wa wazungu. NECTA nyumbani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 za nyongeza kwa kila saa kwenye hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi za maandishi makubwa. Tanzania ina Buigiri pale Dodoma na Uhuru Mchanganyiko pale Dar es Salaam, shule ambazo zimewalea watoto wasioona kwa miaka mingi. Kwa nini tukivuka bahari tunaona haya kwa jambo ambalo kwetu lina shule na lina taratibu?

Niruhusuni niongee kidogo kama muuguzi, maana hili halizungumzwi. Watoto wetu wanabeba historia za kiafya ambazo mwalimu wa Scarborough hawezi kuzikisia kama hatukumwambia. Mtoto aliyeugua malaria ya kichwani akapata degedege anaweza kupona kabisa kwa kumtazama, lakini akabaki na shida ya kumbukumbu au ya kutulia. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata viharusi vidogo vya kimyakimya, visivyopoozesha mkono wala mguu, ambavyo huonekana kwenye kipimo cha picha ya ubongo na hupunguza uwezo wa kufuatilia somo. Juu ya hilo anakosa shule kila maumivu yanapomshika. Ontario imekuwa ikipima selimundu kwa watoto wanaozaliwa hapa tangu mwaka 2006, ila mtoto aliyezaliwa Mwanza au Uvira akaja na miaka minane hakupitia kipimo hicho. Kabla ya yote hayo, mpelekeni mtoto akapimwe macho na masikio. Uchunguzi wa macho wa kila mwaka unalipwa na bima ya mkoa kwa kila aliye na umri wa miaka 19 kurudi chini. Inasikitisha mtoto kuitwa mzito wa kuelewa kumbe ubao hauoni.

Kuna na suala la lugha na miaka iliyopotea. Mtoto aliyekulia kambi ya Nyarugusu au Kakuma, shule akienda akiacha, hana ulemavu wa kujifunza kwa sababu tu hasomi Kiingereza sawa na wenzake wa umri wake. Bodi ya shule za umma ya Toronto ina programu kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, inaitwa LEAP, na krediti za Kiingereza cha wageni huhesabika kwenye diploma, mpaka 3 kati ya 4 za Kiingereza zinazodaiwa. Wapo vilevile watoto wenye yote mawili, kambi na ulemavu, na hao ndio hupotea zaidi, kwa kuwa kila mwalimu anadhani tatizo ni lile lingine. Hapo mzazi aulize swali moja: mtoto huyu amepimwa kwa lugha gani?

Kupimwa kwenyewe ni mtihani. Foleni ya mwanasaikolojia wa shule ni ndefu. Ukienda kwa wa binafsi utalipa dola elfu kadhaa, na bima ya mkoa hailipi. Familia yenye bima nzuri ya kazini inapita mbele. Mama anayebeba boksi usiku ghalani kwa mkataba wa wakala anasubiri, na mtoto anazidi kupanda madarasa. Sisi wauguzi wa hospitali wengi tuna bima hizo na tunaongea kama vile kila mtu anazo.

Kwamba rangi ina sehemu yake katika haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 2017 Profesa Carl James wa Chuo Kikuu cha York alitoa ripoti kuhusu elimu ya watoto weusi katika eneo la Toronto. Ilionyesha kwamba asilimia 53 tu ya wanafunzi weusi walikuwa kwenye mkondo wa kitaaluma, wakati wazungu walikuwa asilimia 81. Waliomaliza na kuhitimu walikuwa asilimia 69 kwa weusi na 84 kwa wazungu. Mkoa uliondoa mikondo ya darasa la 9, ukaanza na hesabu mwaka 2021 na masomo mengine mwaka 2022. Ni hatua nzuri, nami naiunga mkono. Lakini kuondoa mikondo hakukugusa vile visanduku vitatu. Mtoto anaweza kukaa katika shule isiyo na mikondo huku mpango wake binafsi ukiwa ni mkondo wa peke yake.

Sheria haiko kinyume nasi kama tunavyodhani. Tangu sheria ya mwaka 1980, iliyojulikana kama Muswada wa 82, bodi za shule Ontario zinawajibika kuwahudumia watoto wenye mahitaji maalumu. Kuna kamati inayoitwa IPRC ambayo huamua kama mtoto atambuliwe na awekwe darasa la aina gani. Mzazi akiandika barua kuiomba, mkuu wa shule hana hiari ya kukataa. Anayo haki ya kuhudhuria, anayo haki ya kwenda na mtu wa kumsemea, na lazima aarifiwe siku 10 kabla. Na hili lishikeni sana: kukataa kusaini si kukata rufaa. Wengi wetu tunanyamaza tukidhani kwamba bila saini yetu hakuna kitakachofanyika. Mzazi ana siku 15 za kuomba kikao kingine na siku 30 za kukata rufaa tangu apokee uamuzi. Zikipita akiwa kimya, uamuzi unatekelezwa. Mpango binafsi nao hautegemei saini ya mzazi uanze kufanya kazi. Ukimya wetu, ambao kwetu ni adabu mbele ya mwalimu, huku unasomwa kama kukubali.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Kanada iliamua kesi ya familia ya Moore ya British Columbia. Mtoto wao Jeffrey alikuwa na shida kubwa ya kusoma, na bodi ya shule ilikuwa imefunga kituo kilichokuwa kikiwasaidia watoto wa namna yake kwa sababu ya ukata. Mahakama ilisema elimu maalumu si anasa ya kupunguzwa wakati fedha zikipungua. Ni ngazi ya kumfikisha mtoto kwenye elimu ile ile iliyoahidiwa watoto wote. Mwaka 2022 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ikatoa ripoti yake kuhusu haki ya kusoma, na kueleza namna shule za mkoa zilivyokuwa zinawafundisha watoto kusoma kwa njia zisizowafaa wenye shida hiyo. Kwa hiyo mzazi anayeuliza maswali hafanyi fujo. Yuko kwenye mstari ambao mahakama ya juu kabisa ya nchi hii imeuchora.

Nasikia mtu akiniuliza: kwani kila mtoto lazima apate diploma? Hapana. Yupo mtoto ambaye krediti 30 si kipimo cha maisha yake, na kumsukuma kwenye fizikia wakati hajajua kuvuka barabara ni kumtesa ili sisi tupate picha ya kutuma nyumbani. Masomo ya K yaliyofundishwa vizuri yanaweza kumpa kijana uhuru mkubwa kuliko krediti za kubahatisha. Sitaki viwango vya diploma vishushwe, maana diploma ikiwa rahisi haitamsaidia yeyote. Ninachokipinga ni mtoto mwenye uwezo wa kufika kuwekwa njia ya pembeni akiwa na miaka 14 kwa sababu alikuwa mkimya, mweusi, mgeni wa Kiingereza, na mama yake alikuwa usingizini baada ya shifti ya usiku siku ya kikao.

Ombi langu kwa bodi za shule, na kwa serikali ya mkoa ambayo tangu Juni 2025 iliiweka bodi ya Toronto chini ya msimamizi wake, ni dogo. Kabla tiki haijawekwa kwenye kisanduku cha pili au cha tatu, mzazi aitwe kwa ajili ya jambo hilo peke yake, aelezwe kwa lugha yake kile ambacho karatasi hiyo haitamwezesha mtoto kufanya, na aandike kwamba ameelewa. Hospitali haimpasui mgonjwa bila maelezo na ridhaa. Mimi nikimchoma sindano mtu bila kumweleza naitwa ofisini. Kwa nini njia ya maisha ya mtoto ibadilishwe kwa tiki?

Kwetu sisi wenyewe, kazi ianze mtoto akiwa darasa la 8, kabla ya kuchagua masomo ya sekondari, ambako hufanyika wakati wa baridi. Mzazi aulize kwa maandishi: mwanangu anaifanyia kazi karatasi ipi, na masomo yapi hayatampa krediti? Kama mtoto tayari ana miaka 17 na mmegundua leo, hamjachelewa kama mnavyodhani, kwa kuwa ana haki ya kubaki sekondari mpaka Juni ya mwaka anaotimiza miaka 21, na akifika 19 vyuo vingi humpokea kama mwanafunzi mtu mzima. Vipo pia vyuo, Humber ni kimojawapo, vyenye programu iitwayo CICE kwa vijana wenye ulemavu wa akili. Na kama njia yake si ya diploma, basi msingoje siku ya joho. Maombi ya huduma za watu wazima wenye ulemavu wa akili yanapokelewa na ofisi ya DSO tangu kijana akiwa na miaka 16, ingawa huduma huanza akiwa na 18, na posho ya ODSP huombwa miezi 6 kabla hajatimiza 18. Foleni za huko ni za miaka.

Vyama vyetu vya Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi hapa Toronto vinajua kuchanga msiba ndani ya siku mbili. Naviomba vitenge watu wachache, walimu na wauguzi tuliopo, wa kumsindikiza mzazi kwenye kikao cha IPRC pale asipokuwa na wa kumsemea. Ni saa moja, mchana, siku ya kazi. Mimi zamu zangu za usiku zinaniachia Jumanne na Alhamisi.

Naomba kuwasilisha.